Boma la Waliokosana na Jirani

Jumatatu, 31 Agosti 1953

Mvua asubuhi, jua mchana, mvua tena. Mume wangu Coinneach amemaliza kitambaa cha wakala na kitanda cha kufumia kimenyamaza tangu adhuhuri, ila masikio yangu bado yanavuma. Nimechimba viazi vya kwanza. Vidogo kama mayai ya njiwa, lakini vitamu.

Tormod amepita akienda ufukweni kuwatazama kondoo walioko juu ya Mwamba, kile kijisiwa kilicho mbele ya ufuko wetu. Ameniinulia fimbo, hakuingia. Tangu kanisa ligawanyike mwezi wa tatu, kaka yangu hajakanyaga kizingiti cha mume wangu, na mume wangu hamtaji kaka yangu kwa jina. Anasema "yule." Yule kabaki kanisa la zamani, ingawa namjua, hakubaki kwa ajili ya imani, kabaki kwa ajili ya benchi la marehemu baba. Sisi tumehamia kanisa jipya la mabati, na Coinneach ndiye anayetanguliza zaburi. Watu wazima wawili, nywele nyeupe, wamenuniana kama watoto walionyang'anyana kiazi.

Ijumaa, 11 Septemba

Bamvua. Maji yamekupwa hadi mawe ya kuvukia yamejitokeza yote. Mtu wa makumbusho kutoka Edinburgh alitaka kuliona Boma, lile gofu la mawe juu ya Mwamba, kwa karibu, Tormod akamvusha. Niliwafuata hadi ufukweni na birika la chai, maana mgeni alionekana mtu wa kuhitaji chai.

Waliporudi mgeni alikuwa ameloa hadi kiunoni na uso unang'aa kwa furaha. Alisema kuta zile ni za kabla ya Kristo, na ngazi iliyo ndani ya ukuta bado inapandika.

"Unadhani ni akina nani walioishi pale juu, Bwana Tormod?"

"Watu waliokosana na jirani zao."

"Umejuaje?"

"Si umeuona mlango? Tundu la komeo liko ndani, refu kuliko mkono wangu. Mtu mwenye amani halali na gogo mlangoni, bwana. Halafu nani apandishe maji kwenye mwamba kila siku kama hajachukiana na mtu bara?"

Mgeni akacheka. "Na wewe je, jirani zako wazima?"

Tormod aliangalia juu, kwenye bomba la moshi la nyumba yetu. "Wazima sana. Wanaimba."

Nilimpiga bega. Akanichukulia kipande changu cha mkate wa shayiri akakila chote, kama alivyokuwa akifanya tukiwa wadogo.

Jumapili, 13 Septemba

Kuandika siku ya Sabato ni dhambi, kwa hiyo naandika kwa penseli. Coinneach ananiona na anajifanya amelala kitini.

Jana jioni niliondoa kila kitu kwenye kamba ya nguo, hata kitambaa cha vyombo. Mwaka juzi Peigi, mjane anayekaa jirani na Tormod nyuma ya kilima, alisahau soksi moja ikalala nje hadi Jumapili. Hadi leo anaitwa Peigi wa Soksi, na atazikwa na jina hilo.

Dirisha la kanisa jipya linatazama baharini. Coinneach akitanguliza zaburi, kila mstari anaoutoa tunaudaka na kuurudisha, na nyuma ya kichwa chake naliona Boma limesimama peke yake na maji pande zote. Ana sauti mume wangu. Ndiyo iliyonifanya nimkubali, maana sura haikuwa sababu.

Jumanne, 22 Septemba

Nimempelekea Tormod siagi. Nilimkuta anatia mafuta kwenye kamba ya Mwamba, ile ya zamani, nene kama kifundo cha mkono wangu.

"Kondoo watashuka lini?" nikamuuliza.

"Shemeji akishuka kwenye mabati yake."

"Tormod, usinichoshe. Kamba ni ya wawili. Baba na baba yake waliishika maisha yao yote na hawakupatana hata siku moja kuhusu jambo lolote."

"Basi mwambie aje. Mimi mlango wangu hauna komeo."

"Nenda wewe. Wewe mdogo."

"Niende nikamwambie nini? Nisamehe kwa kukaa benchi la baba yangu?" Kisha akatabasamu lile tabasamu lake baya. "Nitamfanyia jambo moja. Sabato moja nitaianika suruali yangu ya ndani mlangoni mwa Boma. Akitanguliza zaburi aione dirishani, na mhubiri wake aione, na hao wazee wake wote wenye nyuso za samaki wa chumvi."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Nilimwambia asiseme maneno hayo mbele za watu.

Ijumaa, 25 Septemba

Ameyasema dukani. Mbele ya watu.

Jumatano, 30 Septemba

Upepo wa kaskazini. Coinneach hajala vizuri siku kadhaa kwa sababu ya suruali ambayo bado haijaanikwa.

"Amemkejeli Mungu."

"Amekukejeli wewe," nikamwambia. "Usijipandishe cheo."

Hakucheka. Zamani angecheka. Nikamuuliza kuhusu kondoo. Nusu ni wa Tormod na nusu ni wetu, na nyasi za juu zinakwisha mwezi wa kumi. Mmoja lazima awe juu kuwafunga na kuwateremsha, mmoja awe chini kwenye mawe kuwapokea, na wakati wa kupanda na kushuka mmoja lazima amshike mwenzake pale penye utelezi.

"Atafute mtu mwingine," akasema.

Anajua hakuna mtu mwingine. Nafasi ya mtu kwenye kamba hapa kwetu ni kama kiti chake kanisani. Ukimwomba mwanamume mwingine aishike, atakutazama kana kwamba umemwomba alale kitandani mwa jirani. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi nimechukua jembe, viazi vyote vimekwisha kuchimbwa, na bado wanagombana.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nimekasirika kiasi kwamba kalamu inatoboa karatasi.

Leo bamvua, bahari imelala kama maziwa kwenye bakuli, hakuna upepo hata wa kupeperusha moshi. Siku kama hii huja mara moja katika vuli, na mwaka mwingine haiji kabisa. Kabla ya adhuhuri nilimwona Tormod amesimama ufukweni, kamba begani, ameyapa mawe mgongo na uso ameuelekeza kwetu. Hakuita. Alisimama tu.

Na mume wangu alikuwa dirishani, mikono mfukoni, buti zake za baharini miguuni. Alikuwa amezivaa! Sikumwambia azivae.

"Nenda basi," nikasema.

"Aje aombe."

"Ameshakuja. Yule pale."

"Amekuja ufukweni. Hajaja mlangoni."

Nikatoka mbio hadi kwa Tormod. "Panda, ugonge mlango. Neno moja tu."

"Ananiona?"

"Anakuona."

"Basi anajua nilipo."

Nilipanda, nikateremka, nikapanda tena, mimi mwanamke wa miaka hamsini, na maji nayo yakaanza kurudi. Mawe yakazama moja baada ya jingine. Tormod akaweka kamba vizuri begani, akaenda zake. Coinneach akavua buti. Chakula cha mchana sikupika, nikaziambia kuta za nyumba kwamba wote wawili ni wapumbavu.

Jumatano, 14 Oktoba

Dhoruba. Peigi kapoteza kuku wawili.

Jumamosi, 17 Oktoba

Dhoruba bado. Kondoo wanaonekana wamejibanza ndani ya kuta za Boma, upande usio na upepo. Wale waliolijenga walijua upepo unatoka wapi.

Alhamisi, 22 Oktoba

Namshukuru Mungu, na ningeandika kwa herufi kubwa kama karatasi isingekuwa ghali.

Jana usiku wakati wa ibada ya nyumbani Coinneach aliifikia ile zaburi inayosema jinsi ilivyo vema ndugu wakae pamoja kwa umoja. Aliusoma mstari wa kwanza, akausoma tena. Asubuhi hii, akiwa kwenye kitanda cha kufumia, akasema bila kuinua kichwa, "Jumatatu nitakwenda kwa Tormod." Tormod! Amemwita kwa jina.

"Kwa nini usiende leo?"

"Wakala anataka kitambaa Jumamosi. Jumatatu bamvua bado litakuwepo."

Nilitaka kuvaa shali niende nimwambie Tormod papo hapo. Kisha nikajizuia. Nimewabebea maneno tangu mwezi wa tatu, hili moja nataka alibebe mwenyewe, Tormod alisikie kwa sauti yake. Nimepika maandazi ya zabibu.

Jumamosi, 24 Oktoba

Ukungu mzito tangu asubuhi, hata ukuta wa bustani hauonekani. Nimeoka, nimeng'arisha viatu vya kesho, nimeondoa nguo kwenye kamba. Coinneach kamaliza kitambaa. Kesho kutwa Jumatatu.

Jumapili, 25 Oktoba

Kwa penseli.

Kaka yangu ni mpumbavu wa daraja la kwanza. Ukungu umeinuka alfajiri, na tulipokuwa njiani kwenda kanisani watu wote wakasimama barabarani. Mlangoni mwa Boma kuna nguo nyeupe inapepea. Imefungwa kwenye fimbo, na fimbo imetokeza kwenye tundu la komeo.

Wanawake waliinamisha vichwa. Mmoja wa wazee alisema, "Basi amefanya," na tukaendelea kutembea. Coinneach alitanguliza zaburi akiwa mwekundu hadi masikioni, na alijigeuza kidogo ili dirisha liwe nyuma yake kabisa. Mhubiri hakutaja jina la mtu, lakini alihubiri juu ya wenye mizaha kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Tuliporudi nyumbani Coinneach alifunga pazia la upande wa bahari.

"Na kesho?" nikamuuliza.

"Kesho hakuna kitu."

Nilijaribu kumkasirikia Tormod vya kutosha, nikashindwa. Nimekasirishwa zaidi na mkosi wake. Angengoja juma moja tu! Ajabu ni kwamba alisema suruali, na ile nilivyoiona mimi ina mikono. Labda suruali zake haziwezi kuonyeshwa watu.

Upepo umeanza kuvuma tena. Nimesogeza pazia kidogo. Ile nguo bado ipo.

Jumatatu, 26 Oktoba

Tormod amekufa.

Ijumaa, 30 Oktoba

Jana alizikwa. Leo nitajaribu kuandika.

Jumatatu asubuhi Peigi alikuja akikimbia. Jumapili yote alikuwa kwa binti yake, karudi akakuta bomba la Tormod halitoi moshi na ng'ombe wake analia kwa maziwa. "Marsaili, kaka yako hajalala kwake." Nilikuwa na kikombe mkononi. Coinneach alikuwa anakunywa uji. Hakuniangalia mimi wala Peigi. Aliangalia pazia.

"Shati," akasema.

Akasema hivyo tu. Kisha akatoka bila koti.

Maji yalikuwa yamejaa. Ilibidi tungoje. Sitaandika habari za kungoja kule. Wanaume wa makanisa yote mawili walikuja wakasimama pamoja ufukweni, na Coinneach akapiga kelele kuelekea Mwamba kwa ile sauti yake, "Tormod! Tormod!", na kondoo wakajibu. Hakungoja mawe yatokeze. Aliingia maji yakiwa kifuani, wenzake wakimshika kwa kamba, akaanguka, akaamka, akavuka.

Haya mengine aliniambia usiku wa mazishi, sentensi moja moja, kama mtu anayeng'olewa meno. Tormod alivuka Jumamosi ndani ya ukungu, peke yake, kuwafuata kondoo. Pale penye utelezi alifunga kamba kiunoni, na ncha ya pili akaifunga kwenye jiwe la ukuta wa Boma. Alilifanya jiwe ndilo mwenzake wa kamba. Jiwe lile lilikaa pale tangu kabla ya Kristo na jana yake lingemshika mtu yeyote, lakini siku hiyo lilichomoka. Alivunjika paja. Alijikokota kurudi juu hadi mlangoni, akachomeka fimbo kwenye tundu la komeo, akavua shati. Kisha akajivuta hadi kwenye kile chumba kidogo kilicho ndani ya ukuta, ambamo tulicheza baba na mama tukiwa watoto, akajifunika koti. Alikuwa amelala uso ukielekea mlangoni. Kondoo wawili walikuwa wamelala wamemwegemea, ndiyo maana upande mmoja ulikuwa na joto kidogo, na Coinneach kwa muda alidhani yu hai.

Shati la flana nililomshonea mimi mwaka mpya. Lilikuwa nguo pekee nyeupe aliyokuwa nayo. Mwezi wa kumi, kwenye upepo ule, alilivua mwilini ili tulione.

Na tuliliona. Sote tuliliona. Tulisimama barabarani tukalitazama, kisha tukaenda kumwomba Mungu.

Kazi ya lazima na ya huruma inaruhusiwa siku ya Sabato. Kila mtoto hapa anajua hilo kwa moyo kabla hajajua kufunga viatu. Hakuna sheria iliyotuzuia. Wa kanisa la zamani walipoona benchi lake tupu walidhani ameogopa aibu ya shati. Sisi tulidhani yuko kitini mwake anacheka. Alikuwa kwenye jiwe anatungoja.

Ibada ya msiba ilifanyika nyumbani kwetu, watu wa pande zote wamebanana hadi jikoni. Wakamwomba Coinneach atangulize zaburi. Akasimama, akafungua kinywa, sauti haikutoka. Tulingoja. Akakaa. Peigi ndiye aliyeanza, mwanamke, jambo lisilofanyika, na hakuna aliyemkanya.

Wanawake hatuendi kaburini. Nilibaki dirishani nikiona jeneza likipita mkono kwa mkono barabarani. Coinneach aliporudi alisimama mlangoni, udongo magotini.

"Wamenipa kamba ya kichwani mwa jeneza," akasema.

Ndiyo desturi, hupewa mwanamume wa karibu kuliko wote, na Tormod hakuwa na mwingine.

"Nimeishika, Marsaili. Nimemteremsha polepole." Akaitazama mikono yake. "Nimeishika vizuri."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Nilimpa maji ya kunawa.

Jumamosi, 7 Novemba

Wameshusha kondoo. Coinneach alikaa juu, na chini kwenye mawe walisimama wanaume wa pande zote mbili, waliotaka na wasiotaka. Sasa wanaweza kushika kamba isiyo yao. Niliona wivu mkali sana kwa niaba ya mtu aliyekufa.

Coinneach alikuwa wa mwisho kushuka. Alikawia. Nadhani aliingia kwenye kile chumba.

Jumanne, 10 Novemba

Kitanda cha kufumia kimya. Wakala ameandika. Hatujajibu.

Jumapili, 15 Novemba

Kwa penseli. Sikwenda kanisani, nimesema naumwa kichwa. Coinneach anakwenda lakini anakaa benchi la nyuma. Mtu mwingine anatanguliza, na inasemekana anavuta mistari kama ng'ombe mgonjwa.

Nimemfikiria yule mtu wa makumbusho. Alitaka kujua nani waliishi pale. Mimi nataka kujua, hao watu, siku mmoja wao alipovunjika mguu, je, walikuwa na namna ya kuwaambia wa bara? Na wa bara walikuja? Ninawachukia wote: waliojenga, Tormod kwa mdomo wake, Coinneach kwa Jumatatu yake. Najichukia mimi kwa yale maandazi ya zabibu. Ningevaa shali tu, nizunguke kilima, niseme, "Anakuja, ngoja."

Ijumaa, 20 Novemba

Dhoruba kubwa. Sehemu ya ukuta wa Boma upande wa magharibi imeanguka baharini. Mlango bado umesimama.

Jumapili, 22 Novemba

Kwa wino.

Nililiweka shati kwenye sanduku bila kulifua tangu Coinneach alipolileta limekunjwa ndani ya fulana yake. Leo asubuhi, alipokwisha kutoka na Biblia kwapani, nilichemsha maji nikalifua. Sikulifua kwa sababu lilikuwa chafu. Nilitoka nalo nje nikalianika kwenye kamba, peke yake, katikati, mikono ikining'inia. Kulikuwa na jua, na upepo wa kutosha.

Watu walikuwa barabarani, wa kwetu wakipanda, wa zamani wakishuka. Wote waliona. Nikawaona wakisimama. Nikaona vichwa vinainama, kimoja, kingine, kama siku ile ile, na miguu ikaanza tena kutembea. Nikasema moyoni, haya, Tormod, ndiyo hayo.

Kisha mtu mmoja akageuka. Alianza kwa kutembea, halafu akakimbia, kofia ikaanguka, akaiacha. Biblia nayo ikaanguka. Alirudi akaiokota, akakimbia tena. Mtu wa miaka yake hapaswi kukimbia vile. Aliruka ukuta wa bustani, akaja akanishika mabega yote mawili.

"Kuna nini? Marsaili! Umeumia? Umeumia wapi?"

"Sijaumia."

"Nimeona shati." Alikuwa akihema hata maneno hayatoki. "Nimeona shati, nikasema, nikasema lazima…"

"Hakuna aliyeumia, Coinneach. Ingia ndani."

Nyuma yake, mbali barabarani, Peigi wa Soksi naye alikuwa anakuja mbio, gauni amelishika juu, akiuliza kwa kelele nani mgonjwa, nani mgonjwa.

Hakuingia. Aliniachia mabega, akasogea kwenye kamba ya nguo. Akaushika mkono wa shati, ukiwa bado unadondosha maji, akabaki ameushika hivyo hivyo mpaka kengele ya kanisa iliponyamaza.